Koti la Karatasi la Mwenye Bucha

Mafundi wenzake walimwita Milimita, na si kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke wa kufumua mshono mzima kwa kosa ambalo mwenye nguo asingeliona hata angeazimwa miwani. Miaka yote alichora paterni zake, yaani vielelezo vya kukatia nguo, kwenye karatasi za kaki, mpaka panya walipozigeuza kuwa wodi ya wazazi. Ndipo akanunua kompyuta ya mtumba yenye mfumo wa Linux, na printa ya mtumba zaidi, apate pa kuchorea pasipofikiwa na meno.

Kazi ya kwanza ilikuwa koti la harusi la mwenye bucha wa jirani, mtu ambaye tumbo lake huingia dukani kabla yake. Kitambaa alikileta mwenyewe. Kilitosha koti moja tu, na duka lililokiuza lilikuwa limeshafungwa.

"Ukikosea, fundi," alisema, "nitaoa na aproni."

Printa ikagoma. Kompyuta iliiona, hata jina lake ikalitaja, lakini printa ikipewa kazi inakoroma kidogo na kunyamaza. Milimita akampigia simu mdogo wake wa kiume, fundi wa kompyuta mji mwingine.

"Dada, huna draiva. Ni programu ndogo ya kuwafanya hao wawili waelewane. Fungua lile dirisha jeusi, uandike ninavyokutajia."

Akaandika. Dirisha likataka nywila. Akabonyeza, kioo kikakaa kimya.

"Kibodi imekufa."

"Haijafa. Nywila haionekani ukiiandika."

"Yaani niandike hewani kama mchawi?"

"Andika, dada!"

Nywila ikakubaliwa, kisha kompyuta ikadai haikijui kifurushi chenye hiyo draiva. Ilikuwa bado inasoma orodha ya zamani ya programu. Akaisasisha kama alivyoelekezwa, na kifurushi kikapatikana, ila hakikutaka kuja peke yake. Kilitaka kingine, na hicho kingine kikataka viwili zaidi.

"Hii ni programu au msafara wa wakwe?"

"Wakaribishe wote. Kubali tu."

Printa ikaanza kutema kurasa. Milimita akaziunganisha kwa gundi, ukingo kwa ukingo, akakata paterni, akatandaza kitambaa mezani na kushika mkasi. Hapo mwenye bucha akaingia, akaomba ajaribishwe kwanza hayo makaratasi. Milimita akambandika kwa pini, mgongo na kifua. Mbele hakukufunga.

"Vuta pumzi."

Akavuta mpaka macho yakamtoka. Hakukufunga.

"Nimenenepa," alisema kwa sauti ya msibani.

"Hujanenepa. Karatasi ndiyo imepungua." Akalaza futi kwenye mraba wa kupimia aliouchora pembeni mwa paterni. Sentimita kumi zilisoma tisa na milimita nne. Kitambaa kilikuwa kimenusurika kwa pumzi ya mtu mnene.

"Unanifariji tu, fundi," alisema mwenye bucha, akaondoka ameinama.

Milimita alipompigia tena, mdogo wake alicheka simuni hadi akakohoa. Draiva ilikuwa imejipangia karatasi ya Kimarekani, ambayo ni fupi kuliko A4 aliyoiweka dada yake, kwa hiyo ikaubana mchoro utoshee. Milimita akachagua A4, akazima ule mpango wa kubana, akachapa upya. Akapima kila ukurasa. Kumi, kumi, kumi. Akakata kitambaa.

Wiki iliyofuata mwenye bucha alivaa koti, likafunga vizuri na nafasi ya kupumua ikabaki. Akajigeuza mbele ya kioo, kushoto na kulia.

"Wiki nzima nimekula mchicha," alinong'ona. "Ona!"

"Bwana, zile karatasi za mwanzo..."

"Usiniambie kitu, fundi. Nilijua nikiamua naweza."

Milimita akamnyooshea kola. Mwenye bucha akarudi kwenye magogo yake ya kukatia nyama, akaanza kuwashauri wateja wanene wapunguze nyama, mpaka mchumba wake akamwomba anyamaze walau hadi harusi ipite.