Siku Kompyuta Yangu Ilipokemewa

Msinicheke kabla sijamaliza, maana mpaka leo nikipita karibu na kanisa natembea kama mwizi wa ndizi. Mimi nakusanya kompyuta za nyumbani za enzi za wazazi wetu, tena zile ambazo hata zilipokuwa mpya zilikosa wanunuzi (nazionea huruma, na mimi Hisabati nilianza kufeli nikiwa bado mpya). Ninazo tatu, zote chini ya kitanda kwa bibi hapa Masoko, na ninayoipenda zaidi ina vitufe vya raba, unaichomeka kwenye tivii, na mzee aliyenipa alikuwa anazuilia mlango nayo.

Sasa hiyo kompyuta ina akili ya kuku: ukiizima inasahau kila kitu, labda uwe umehifadhi kazi yako kwenye kaseti ya redio. Jumatano nilikuwa nimechapa siku mbili nzima gemu langu la kudaka ndizi, mara radi ikalia (na huku radi ikilia umeme hauagi), nikaichomeka haraka kwenye redio ya bibi na kurekodi kwenye kaseti niliyoikuta humo. Dakika tatu tu, nikajiambia, nani atajua?

Kesho yake jumuiya ilisali kwetu, mwinjilisti na mabinti wa kwaya wakiwemo. Bibi hamwachi mgeni aondoke bila kumsikia marehemu babu akiongoza kwaya kwenye kaseti, maana ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Akabonyeza redio. Piiiiiii! Krrrshhhh! Utadhani mashine ya kusaga imemeza sufuria.

"Kyala!" bibi akamwita Mungu kwa Kinyakyusa.

Mwinjilisti akaruka kutoka kwenye kochi. "Toka! Toka kwenye redio hii!" Kelele zikazidi. "Kwa mara ya mwisho, nyamaza!"

Na kweli, sekunde hiyohiyo gemu likaisha, kimya, kisha babu akaibuka katikati ya ubeti. Vigelegele! Na mimi nikapiga, tena kuliko wote.

Ningebaki hapohapo ningekuwa salama, ila mwinjilisti akageuka: "Mama, pepo huyu ana makao. Yale makompyuta ya mjukuu wako, yaletwe tuyachome."

Nikapiga magoti (mbele ya mabinti wa kwaya, jamani). "Siyo pepo, mwinjilisti! Ni gemu langu la ndizi! Nimerekodi mimi, kwenye kaseti linakuwa makelele!"

Bibi akaniangalia. "Lusajo, kabla ya wimbo babu yako alikuwa ananisalimia kwa jina. Salamu yangu iko wapi?"

Hapo hata mimi sikujiona mchekeshaji.

"Rudisha kaseti mwanzo," bibi akaniamuru. "Bonyeza pa kurekodi."

Akajikohoza, akaitoa salamu yote kwa sauti nzito ya babu, neno kwa neno, mpaka kile kikohozi chake cha katikati, juu ya gemu langu. Mwinjilisti alicheka hadi akajifuta machozi kwa tai.

Kompyuta zangu zilipona, na nimeapa sirekodi tena kwenye kaseti ya mtu kabla sijaisikiliza yote. Ila bibi hajanisamehe bure: sasa hivi kila mgeni anaisikia salamu, na nyuma yake kijana aliyesahau kuwa redio inarekodi, akilia, "Bibi, ndizi zangu!" Nimemwomba akifute hicho kipande. Anasema hapana, kinapendeza.