Magome ya Kwamboka

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambe.

Siku ya kwanza nilipoingia Idara ya Kemia, Fundi Mkuu wa Maabara alinikabidhi brashi ya chupa akaniambia, "Mzee, hapa uchafu usiouona ndio uchafu wenyewe." Nilicheka moyoni. Sikuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kuosha chombo nilikujua.

Miaka mingi niliosha vioo, kisha nikapandishwa hadi chumba cha sampuli, yaani vitu vinavyochukuliwa kidogo ili vipimwe kwa niaba ya vingi. Wanafunzi wa uzamili walileta majani, mizizi na magome. Mimi niliyakausha kivulini, nikayatwanga, nikayaloweka katika spiriti na kuyachuja. Baadaye mashine ilichora milima karatasini, kila mlima ukionyesha kitu kimoja kilichomo ndani ya mti.

Kwamboka, binti wa mkulima wa chai wa Ikonge, alileta magome ya mti ambao bibi zetu hutibia tumbo. Ilikuwa masika. Paa lilivuja, magome yakaanza kuota ukungu. Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, niliyabeba nyumbani nikayaweka kwenye uchaga juu ya meko, tunapokaushia wimbi. Jumapili yalikuwa makavu kabisa, nami nikayarudisha bila kumwambia mtu. Kwangu, kikavu kilikuwa kikavu.

"Tata, umeniokoa!" Kwamboka alisema. Kwetu tata ni baba, na ndivyo alivyoniita.

Mashine ikachora mlima ambao hakuna aliyewahi kuupata kwenye mti huo. Kwamboka aliruka kama mtoto. Lakini Msimamizi wake, profesa aliyeongoza utafiti, aliagiza magome mapya, na safari hii mlima haukutokea.

"Mlima umekwenda sokoni, Kwamboka?" aliuliza. "Magome ya kwanza yalikaushwa wapi?"

"Kivulini, Profesa. Muulize Tata."

Profesa alinigeukia. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Nikasema, "Kivulini."

Kamati iliamua kwamba msichana alitia kitu kwenye sampuli ili ajipatie sifa. Akafukuzwa.

Siku yangu ya mwisho nilimweleza Mwenyekiti wa Idara kwamba niliyakausha mekoni, na moshi ndio uliochora mlima ule. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mzee," akasema, "kikao kilishafungwa. Nenda nyumbani salama."

Nilimkuta Kwamboka soko la Daraja Mbili akiuza mitumba. Nilipomaliza kusema, alikuwa amekunja na kukunjua blauzi moja mara tatu.

"Usiniambie mimi, Tata. Mimi najijua. Mwambie mama. Tangu nifukuzwe hagusi chakula nilichopika."

Nikaenda Ikonge. Mama yake alikuwa akichuma chai. Nilieleza nikiwa nimesimama kati ya mistari, naye hakuacha kuchuma.

"Amekutuma?"

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Na aliyetumwa angejibu vipi?"

Nikamuaga, nikarudi nyumbani.

Kustaafu, mjukuu wangu, ni kuwa na siku nyingi za kusema ukweli na kukosa wa kumwambia. Nimerudi kwa mama yule mara nne. Siku hizi hunikaribisha uji, na nikianza kueleza husema, "Kunywa, mzee, utapoa." Nami hunywa. Kwamboka bado hupika na kula peke yake.