Bunduki Zilizohamia Sebuleni

Wakenya wenzangu wa Minneapolis walikuwa wakikusanya ploti, viwanja vya kujengea huko nyumbani. Ukikaa nao baada ya ibada, kabla chai haijapoa, utasikia ploti ya Kitengela, ploti ya Juja, na ile ploti ambayo mjomba ameshamuuzia mtu mwingine. Mimi nilikusanya bunduki kuukuu. Najua inavyosikika, kwa hiyo nitaeleza mara moja tu.

Sizungumzii bunduki za vita. Hizi ni nyembamba na nyepesi, za risasi ndogo isiyozidi kipande cha penseli iliyokwisha, ambayo nyundo huigonga ukingoni mwa kitako chake badala ya katikati. Zamani akina baba wa huku waliwanunulia vijana wao ili wakawinde kindi na sungura nyuma ya maghala ya mahindi. Chini yake, kidole kinapofyatulia, pana pete ndefu ya chuma ya kuingiza vidole, nayo huitwa leva. Ukiisukuma chini bunduki inafunguka, unaona mpaka ndani, ukiirudisha, inajifunga. Hayo tu. Mimi nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee kule Golden Valley, mahali ambapo kila mashine inalia na hakuna anayejua kwa nini. Kushika kitu kinachojieleza chenyewe kulinipumzisha kichwa.

Nilizinunua moja moja, katika maonyesho ya Jumamosi kwenye kumbi za vitongojini, ambako mara nyingi nilikuwa mweusi peke yangu. Wazee wenye kofia za kuwindia walinitazama kwa wasiwasi mpaka nilipouliza swali la pili. Swali la kwanza kila mtu huuliza, ni la bei. La pili, kuhusu mbao au springi, ndilo lililowalainisha, na baada ya hapo ilikuwa kazi kuondoka. Nikirudi kwetu Hopkins nilitandaza gazeti mezani, nikatoa kutu kwa stilwulu laini, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nikapaka mbao mafuta ya kitani mpaka rangi yake ikarudi. Risasi sikuweka nyumbani hata moja. Bunduki zilifika tisa, nami nilikuwa mtu mwenye furaha zake.

Mke wangu alizivumilia. Yeye ni wa Kivu, aliletwa Minnesota na shangazi yake angali msichana. Mama yake alibaki katika kambi ya wakimbizi, na faili la mama la kumfuata lilikuwa likipotea na kupatikana, likipotea tena na kupatikana, miaka yote niliyomjua mke wangu. Basi msimu mmoja wa baridi simu ikaja kwamba mama anasafiri kweli. Mke wangu aliketi sakafuni jikoni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza kucheka akaliangalia kabati la chuma pembeni mwa sebule, nilimofungia bunduki.

"Na hii ma-bunduki yako?" akauliza. "Mama yangu alikimbiaka bunduki. Tutamwambia nini?"

Nilikuwa na jibu, na nilijiona mjanja kwelikweli. Kwao, na kwetu pia, mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwe wake. Hata nyumba ikiwaka moto atasimama mlangoni aite. Hapakuwa na mahali salama zaidi pa kumfichia kitu. Tukaliburura kabati hadi chumbani, tukalifunika kitenge, tukaweka mto juu yake. Ungesema ni kiti cha mgeni.

Mama alifika amevaa koti la kugawiwa lililompita mikono. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye macho yasiyokosa kitu. Kati yangu na yeye heshima ilifuatwa barabara. Alinisalimu akiangalia chini, nami nikamjibu nikiangalia ukuta. Jambo lolote alilotaka kuniambia alimpitishia binti yake, hata kama mimi nimeketi hapohapo nasikia kila neno. "Ambia bwana yako chai iko tayari." Mke wangu angegeuka: "Chai iko tayari." Nami ningeshukuru kwa njia ileile. Tulicheka sana juu ya hilo tukiwa wawili, lakini nilimpenda mama yule tangu wiki ya kwanza.

Jumapili iliyofuata watu wa kanisani wakaja kumkaribisha. Miongoni mwao alikuwa rafiki yangu Mkenya, mfanyakazi wa ghala kubwa la Shakopee, mtu mwema asiyeweza kuona kimya bila kukijaza. Tulikuwa tumeshapakua wali. Akaangalia pembe ya sebule palipokuwa na kabati, akasema kwa sauti ya kuombea mvua:

"Boss, zile bunduki zako ulizi-hide wapi? Ama mama bado hajapewa tour?"

Mke wangu alimkanyaga mguu, ila maneno yalikuwa yameshatoka. Mama akaweka kijiko chini. Akaangalia mlango wa chumba chetu, mahali pekee asipoingia, kisha akaomba apewe maji.

Tangu siku hiyo mama hakulala. Mimi nilikuwa kazini usiku, kwa hiyo niliyajua haya kwa kuambiwa. Alikuwa akiketi kwenye sofa, koti mabegani, ameuelekea mlango wetu. Mke wangu alimsihi aende kitandani, naye aliitikia ndiyo na kubaki palepale. Asubuhi niliporudi alisimama, akanisalimu, ndipo akaenda kujinyoosha kidogo, lakini hata hapo mke wangu alimkuta macho wazi. Kanisani alisinzia akiwa amesimama. Uso wake ulianza kuingia ndani. Nasi, kwa kumhurumia, tukazidi kuficha. Tuliufunga ule mlango kwa ufunguo. Mchana nikiamka nilijifungia mle nikazipangusa mafuta polepole, na leva hata ukiishika kama yai husema krak.

Siku moja mke wangu alinisubiri kwenye maegesho ya magari nje ya fleti, kwenye theluji, amevaa ndala na soksi.

"Mama anasema anaenda Iowa kwa mtoto wa ndugu yake," akasema. "Anasema hapa hawezi. Nimemungoja miaka yote hiyo, na sasa anataka kuenda."

Hakuniambia niziuze. Angeniambia ningepata la kubishania. Nilikaa ndani ya gari nikampigia mzee mmoja wa kule kwenye maonyesho aliyekuwa akizitamani siku nyingi, na tukakubaliana aje Jumamosi azichukue zote. Nilikuwa nimeshika mbao za zile bunduki mara nyingi kuliko nilivyoshika kitu kingine chochote katika nchi hii, na sioni haya kusema kwamba kuziachia kuliniuma. Ila kumtazama mke wangu akimpoteza mama kwa mara ya pili, na safari hii kwa sababu ya starehe zangu, hilo nisingeliweza.

Tulimwambia mama jioni kabla sijaenda kazini. Mke wangu ndiye aliyesema, mimi nikiangalia ukuta. Nilitegemea atafurahi. Alifikiri kidogo, kisha akasema:

"Ambia bwana yako, mbele ya kuuzisha, anionyeshe zote."

"Anataka kuziona," mke wangu akanigeukia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Nilitandika shuka kwenye zulia la sebule nikazitoa moja moja, nikiwa na hakika namfanyia mama ukatili. Nilizilaza zimepangana, mitutu imeelekea ukutani. Mama alikuja na kigoda cha jikoni akaketi kichwani mwa shuka. Aliziangalia muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikienda, nikadhani anaomba.

"Afungule hii," akamwambia binti yake.

Nikaishika ya kwanza, nikasukuma leva chini. Krak. Mama alishtuka mwili mzima, lakini hakuinuka. Aliinama, akachungulia, akaingiza kidole chake kidogo palepale risasi inapokaa, akakizungusha. Alipokitoa kilikuwa na mafuta. Akakifuta kwenye kitenge chake akaonyesha ya pili.

Tulikwenda hivyo hadi ya mwisho, mimi nikifungua, yeye akipapasa. Kuna wazee kwenye maonyesho ambao wamezaliwa na bunduki mikononi, na wao hukagua hivyohivyo, kwa kidole kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Tulipomaliza aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu atue Minnesota akaniangalia mimi machoni, akasema na mimi.

"Baba," akasema, "bunduki yenye ninaona, sina boga nayo, siiogope. Ile ya kwetu sikuionaka. Hata moja. Nilisikiaka tu, iko inalia mu migomba. Mpaka leo sijue zilikuwa ngapi."

Akageukia zile za kwenye shuka.

"Hii ni tisa. Nimezihesabu. Usiuzishe. Ziweke hapa mu saloni, zibakie fungule, nikipita nizione."

Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilisema "ndiyo, mama," nikasahau kabisa kumpitishia mke wangu. Aibu ilinipanda na kicheko nacho kikanibana, maana nilikuwa nimejisifu kwa kuchagua mahali asipoweza kufika. Kumbe mle chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, bunduki zangu hazikuwa tisa. Zilikuwa zozote, za yeyote, na kila mchana zilikuwa zikilia krak upande wa pili wa ukuta wake.

Nilimpigia yule mzee nikamwomba radhi. Alihuzunika, akaniuliza kama kuna aliyempita bei. Nikamwambia mama mkwe wangu amekataa. Akasema kwamba hapo hana la kusema, naye alikuwa na mama mkwe.

Kesho yake tulikwenda duka la mitumba tukaleta kabati la vioo, lile ambalo watu huwekea vyombo vya wageni. Nikalitia kufuli imara na kuziegemeza bunduki ndani, zote leva zikining'inia chini, kama mstari wa watu wanaopiga miayo. Mpenzi yeyote wa vitu hivi angeniambia ni ovyo, kwamba vumbi litaingia ndani ya mashine. Na liliingia. Ufunguo mama aliuomba yeye, kupitia kwa mke wangu, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Kuanzia hapo nikitaka kupangusa bunduki zangu mwenyewe ilinibidi nimtume mke wangu kuniombea, na kuna siku niliambiwa ningoje mama amalize kusuka nywele. Mchungaji alipokuja kututembelea alisimama kwanza mlangoni, akatazama kabati, akamtazama mama aliyekuwa akichambua maharage mbele yake, akavua kofia, ndipo akaingia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ya kwanza baada ya kabati kusimama, nilirudi kutoka kazini nikiwa na hofu. Nilivua viatu ukumbini, nikafungua mlango taratibu. Sofa ilikuwa tupu. Wazo lililonijia ni kwamba ameshaondoka, kwamba yote tuliyofanya ni bure, yuko njiani kwenda Iowa. Nikaenda jikoni mbiombio na soksi zangu.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na jiko, kidole mdomoni, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Akanyoosha kichwa kuelekea chumba cha mama.

Mama alikuwa akikoroma. Si kukoroma kwa kistaarabu, bali kule kwa kukokota meza juu ya sementi, kunakokatika katikati hadi ukaingiwa na wasiwasi, kisha kukaanza upya kwa nguvu mpya. Wiki zote zile za woga zilinitoka kwa pumzi moja.

Mkwe hatakiwi kusikia mambo kama hayo. Mke wangu alilikumbuka hilo, akanifinya mkono.

"Usimusikilize mama yangu," akaninong'oneza.

Nikamwambia sisikii kitu. Nikavuta kiti polepole, nikaketi, tukamsikiliza pamoja mpaka chai ikapoa.