Ndiva Ndogo Nyuma ya Jiko

Kabla sijanyamaza nilikuwa mtoto wa kelele. Kule Vudee, milimani, majirani walimtania mama kwamba hana haja ya jogoo maadamu anaye Namkunda. Niliimba nikichanja kuni, niliimba nikila, na Mbazi, mdogo wangu wa miaka minne, alinifuata nyuma akidaka mwisho wa kila mstari. Nawaandikia ninyi mliokaa na mtoto aliyefungwa na jambo asiloweza kulisema. Mimi nilikuwa mtoto huyo kwa karibu mwaka mzima, na nilikaribia kufa.

Sisi wa milimani tunamwagilia kwa ndiva, bwawa la udongo linalojazwa na kijito usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu hulizibua ili maji yashuke shambani. Tundu liko chini, upande wa nje wa ukuta, na anayezibua haoni ndani. Kwa hiyo kwetu ilikuwa lazima mtu asimame juu ukingoni, ayatazame maji, ndipo aite. Kwa Chasu, lugha yetu, tulikuwa na neno letu. Kwa Kiswahili ningelisema "kweupe." Asiposikia neno hilo, mzibuaji hagusi kizibo.

Asubuhi ile zamu ilikuwa ya baba, na mwitaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka minane. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na mimi nilikuwa nimeyapa mgongo, nachuma matunda ya porini kwenye kichaka. Baba aliuliza kutoka chini kama tayari. Nikaita bila kugeuka, "Kweupe!"

Mbazi alikuwa ameingia majini kukifuata kibuyu chake. Mvuto wa tundu ulimdaka mguu. Baba aliona maji yamepungua kasi, akadhani ni majani yameziba. Mimi nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Kibuyu kilikuwa kinazunguka polepole, mahali pamoja, kama kinachochezewa kutoka chini.

Nilifungua mdomo nipige yowe. Hakikutoka kitu. Hata pumzi niliisikia inarudi ndani, baridi, ikatulia tumboni kama jiwe.

Baada ya mazishi baba hakutaka tena kuiona ndiva. Wengine walishushwa kwenda vijiji vya ujamaa kwa kulazimishwa. Yeye alijiandikisha mwenyewe. Tukahamia kijiji kipya tambarare, karibu na Same, nyumba zimepangwa mistari, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kule hapakuwa na ndiva. Lakini siku ya tatu niliinama juu ya mtungi nichote maji, na kutoka ndani nikasikia sauti ndogo ya mtoto wa kike inaita, "Kweupe."

Ilikuwa sauti yangu.

Tangu hapo sikunywa maji ila kwa kulazimishwa. Midomo ilipasuka hadi damu. Mkojo ukawa mzito kama chai ya rangi, choo kikawa vidonge kama vya mbuzi. Usiku nilijikojolea, mimi niliyeacha kujikojolea tangu sijaota magego. Nywele zilikatika, zikabaki mashada mekundu. Mama aliponiogesha alinihesabu mbavu kwa vidole, kisha akaacha, akawa ananiogesha amefumba macho.

Hospitali walinimulika koo kwa tochi. Tabibu alisema koo ni zima, ulimi ni mzima, labda ni ukaidi. Shuleni mwalimu wa darasa alinisimamisha siku nne nitaje jina langu, ya tano akanirudisha nyumbani. Majirani wakasema maji ya Vudee yamemchukua mvulana na kubaki na sauti ya binti kama fungu lake. Mama hakubisha. Kwa kweli tangu siku ile baba naye alikuwa hazungumzi ila mambo ya jembe na chakula.

Kwa kuwa mama alitakiwa shamba la kijiji, nilipelekwa kwenye kituo cha watoto wadogo, jitu zima kati ya wanaoota meno. Mtunzaji wetu alikuwa Mwalimu Apolonia. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge, baba yake alitoka Songea kuja kukata majani. Hakuwa na vitu vya kuchezea ila alivyotengeneza: udongo, magunzi, wanasesere wa nyuzi za katani. Siku ya kwanza kitoto kimoja, Zuhura, binti wa muuza duka, kilinizunguka mara mbili kikauliza, "Mwalimu, huyu dada naye ananyonya?" Mwalimu alisema mwulize mwenyewe. Zuhura akaniuliza. Nikamtazama tu, naye akaridhika.

Nyuma ya jiko la uji palikuwa na mahali penye unyevu. Hapo nilichimba. Nilijenga ukuta, nikatoboa tundu, nikaliziba kwa gunzi. Nikajaza maji ya kuoshea vikombe, nikamweka mwanasesere, nikachomoa gunzi. Maji yakamvuta hadi tunduni, akakwama. Nikaanza upya. Siku nzima, siku zote, na mikono yangu ilifanya bila mimi. Watoto walisimama mbali, kimya, wakitazama.

Kisha Zuhura akashikwa na homa.

Wanawake walikuja asubuhi, mama yake mbele. Walisema wameona kwa macho yao, yule bubu anazamisha watoto, na mwanasesere mmoja amemfunga kitambaa cha rangi ya gauni la Zuhura. Ilikuwa kweli kuhusu kitambaa, nilikiokota tu. Walitaka nirudishwe mlimani kwa bibi, karibu na ndiva ileile, nikafanyiwe la kufanyiwa. Mama alisimama pembeni akisokota pindo la khanga. Nilijua nikirudi kule nitaingia majini kwa miguu yangu mwenyewe. Nilishachagua mahali.

Mwalimu Apolonia aliwasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mama zangu, nipeni majuma mawili. Nikishindwa kumfungua, nitampandisha mimi mwenyewe."

Walikubali kwa shingo upande. Jioni alimwuliza mama jinsi ndiva inavyozibuliwa, nani anakaa wapi, nani anasema nini. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kuuliza.

Kesho yake alikuja nyuma ya jiko, akaketi kwenye tope na sketi yake safi, upande wa nje wa ukuta wangu. Akashika gunzi.

"Mimi niko huku chini," alisema. "Sioni juu. Nasubiri kuambiwa."

Hakuvuta. Nilikasirika, nikamsukuma mkono, nikamng'ata. Hakuvuta. Alikaa mpaka uji ukaungua. Siku iliyofuata alikuja tena, akasema maneno yaleyale, akasubiri. Hivyo hivyo kila siku. Juma la pili Zuhura alikuwa amepona, akaja kuchuchumaa kando yetu, akala udongo kidogo, akasema Mwalimu mvivu.

Siku ya kumi na moja nilimweka mwanasesere majini. Mwalimu akasema anasubiri. Kutoka ndani ya ile ndiva ndogo nikasikia wazi, "Kweupe." Nikamtazama Mwalimu: mkono wake ulikuwa umetulia. Hakuisikia. Sauti ikaita tena, na kwa mara ya kwanza, badala ya kukimbia, nikageuza macho nikayaangalia maji. Mtoto alikuwa mle, amelala chali.

Kitu kikapanda kifuani, kikanikwaruza koo, nikatapika uji. Nyuma ya uji likatoka neno.

"Bado."

Mwalimu hakusogea. "Bado nini, mwanangu?"

"Mtoto yumo."

"Haya," alisema. "Basi mtoe. Mimi nitangoja."

Nilimtoa, nikamkausha kwa gauni langu, nikalia mpaka nikajikojolea hapo hapo. Zuhura akanicheka. Nikanywa vikombe vitatu vya maji mfululizo.

Jioni nilimwambia baba niliyokuwa nimeyashika: kwamba niliita bila kutazama. "Nilijua," alisema. "Nami nilisikia maji yamebadilika, sikuchungulia. Sikujua nitakuambiaje." Kesho yake alikuja nyuma ya jiko, mtu mzima na magoti yake, akashika gunzi, akanisubiri mimi niseme.

Sikupona siku moja. Mkojo uliendelea miezi, na nywele zilirudi polepole. Leo naongea kuliko wanavyotaka nyumbani. Namshukuru Mungu, namshukuru Mwalimu Apolonia, ambaye alihamishwa na sikumwona tena.

Nanyi mkimwona mtoto anacheza mchezo unaowatisha, anazika, anazamisha, anachoma, msimnyang'anye wala msimchape. Ketini naye hapo matopeni. Mwambieni mko wapi, kisha mnyamaze, hata majirani wakisema. Mimi nilisubiriwa siku kumi na moja.