Kaunta ya Vifurushi

Mimi pizza siipendi, na sina haja ya kuficha. Unga umetandazwa, nyanya zimechacha, jibini linavutika kama kamasi za mtoto mwenye mafua, halafu watu wazima wanakiita hicho chakula cha sherehe. Lakini Sifuna ni jirani yangu wa miaka mingi hapa Nakawa. Aliponiomba nimsindikize kuonana na wakwe zake watarajiwa, nilivaa kanzu safi nikaenda.

Sifuna ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma. Alikuja Kampala baada ya vita vya themanini na sita, kuta za mji zikiwa bado na matundu ya risasi, akapata kazi ya kupokea vifurushi kwenye stesheni ndogo ya reli huku kwetu. Si mtu wa maneno. Akikasirika anafagia ua. Akifurahi pia anafagia ua, ila polepole. Mkewe, Nafuna, alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, akamwachia binti mmoja, Nerima, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Sifuna hakuoa tena. Alimsuka mtoto nywele kwa mikono ile ile ya kubebea magunia, mistari ikatoka kombo, na wanawake wa mtaani wakacheka mpaka wakachoka.

Sasa Nerima amepata mchumba, Travis, kijana wa Kikenya anayeuza vipuri vya magari. Mama yake Travis, Bi Nabangala, alikuja kutoka Webuye kuwaona watu wa msichana, na Travis ndiye aliyechagua mahali: mkahawa mpya wa pizza, ndani ya stesheni ile ile ya Sifuna, ambayo ilikuwa imekaa tupu kwa miaka, nyasi zimeota relini. Sifuna alisema jengo ni jengo tu. Alijua pia, kama mimi nilivyojua, kwamba kwa watu wa kwao wakwe wakikuandalia chakula siku ya kwanza, ukikaa bila kukigusa umeikataa ndoa. Huhitaji kusema neno.

Basi Jumapili mchana tukaingia. Ewe Mola, upuuzi ule! Dirisha la tikiti limegeuzwa baa. Kwenye mizani ya mizigo wamepanga maua ya plastiki. Wahudumu wamevalishwa kofia za gadi wa treni, na kila pizza inapotoka tanurini mmoja wao anapuliza filimbi, watu wanapiga makofi. Mtu aliyewahi kusubiri treni ya kweli hawezi kuipigia makofi filimbi ile. Nilitaka kutapika kabla sijala.

Halafu mhudumu akatupeleka chumba cha vifurushi, akatukalisha kwenye meza ndefu ya mvule, na miguu ya Sifuna ikagoma. Haikuwa meza. Ilikuwa kaunta yake. Walikuwa wameipunguza urefu wa miguu na kuipaka vanishi mpaka inang'aa, lakini kwenye kona palikuwa bado na kipande cha bati alichokigongelea mwenyewe ili magunia yasichanike.

Nami niliijua kaunta ile. Zamani Mkenya akifia Kampala alirudishwa kwao kwa treni, maana Mbukusu hazikwi ugenini kama kuna namna yoyote ya kumfikisha nyumbani. Jeneza la Nafuna lililazwa pale likisubiri treni ya Malaba. Treni ikachelewa siku nzima. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikwenda Ggaba kwa wauza samaki kuomba barafu, tukaipanga kuzunguka jeneza ndani ya magunia. Barafu ikayeyuka. Maji yalipita kwenye nyufa za mbao yakadondoka sakafuni, yakinuka samaki, na mengine ambayo sitayaandika. Juu ya mbao hizo sasa waliweka sahani, uma, na chupa ya pilipili.

Nilimtazama Sifuna. Alikaa, mikono mapajani.

Pizza zikaja, na filimbi yake. Moja ilikuwa na nyama ya nguruwe. Mhudumu akaikata kwa kisu chake cha gurudumu, kisha kwa gurudumu lile lile akaanza kukata ya mboga, yangu mimi.

"Kijana, hicho kisu!" nikamwambia.

"Kisu iko safi, Hajji," akasema, akikipangusa kwenye aproni yake. "Si umeona? Nimepanguza."

Nikaisukuma sahani mbali. Uchafu juu ya uchafu. Kando yangu Travis alikuwa akitafuna mdomo wazi, uzi wa jibini ukining'inia kidevuni, kiwiko chake kimeegemea juu ya kaunta ile ile.

Sifuna alikuwa bado hajagusa kitu. Nerima alimwekea kipande, akamnong'oneza, "Baba, kula basi." Mzee akakitazama tu. Bi Nabangala akaweka uma chini.

"Baba Nerima, naona chakula imekushinda. Kuna shida?"

"Hakuna shida, mama."

"Kama hamtutaki, semeni tu. Sisi tumetoka mbali."

Akavuta mkoba wake. Na mimi, ambaye ulimi wangu haujawahi kunisubiri, nikalipuka.

"Mama, huyu hakatai mtu! Hapo ulipoweka sahani yako ndipo jeneza la mkewe lilipolala mchana kutwa, likivuja! Utakulaje wewe? Mimi sili!"

Bi Nabangala aliruka kutoka kitini. Travis akatema alichokuwa anatafuna kwenye karatasi. Nerima alimgeukia baba yake, uso umempauka, kwani hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaona kwamba nimeiua ndoa ya mtoto wa watu kwa kinywa changu.

Sifuna aliniangalia bila hasira.

"Hajji, umesahau kitu moja," akasema. "Treni ilichelewa, huyu mtoto akawa analia njaa. Ni wewe ulileta mandazi na chai kwa birika. Tulikula hapa hapa, mimi na wewe. Huyu nilimkalisha juu ya kaunta, karibu na mama yake. Ulisema mandazi imeshika harufu ya samaki. Na ukakula."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa, na aliposema tu harufu ikanirudia puani.

Nerima akauliza polepole, "Kichwa chake kilikuwa upande gani?"

Sifuna akaonyesha kwa kidole. Nerima akaiondoa chupa ya pilipili mahali pale, akapafuta kwa ncha ya leso yake, akaweka kiganja chake hapo na kukiacha.

Sifuna akashika kipande chake. Akala, akitafuna kama mtu anayemeza dawa chungu, mpaka kikaisha. Travis akachukua kingine, safari hii akifunga mdomo. Bi Nabangala alisimama kwa muda, mkoba kifuani, akimwangalia mwanawe. Kisha akarudi kukaa. Aliisogeza sahani yake kando ya kiganja cha Nerima, akala.

Nerima akamwita mhudumu, akaagiza pizza ya mboga nyingine, isiyokatwa. Filimbi ikalia tena, ilaaniwe. Ikawekwa mbele yangu nzima, inafuka moshi.

"Hajji," akasema, machozi yakimtiririka, "hii haijaguswa na kisu."

Nikasema bismillahi, nikaichana kwa mkono. Jibini lilinata vidoleni, katikati unga ulikuwa mbichi. Sijawahi kula kitu kibaya kama kile. Nilikula yote.