Kiti cha Gari Barazani

Siku ile mwanangu aliponiomba ning'oe viti vya nyuma vya gari letu la Noah, nilipaswa kusema hapana. Nilisema sawa.

Mwanangu ni fundi bomba. Huku kwetu Goba nyumba zinaota kila kilima, na yeye alikuwa amechoka kumwaga vifaa vyote barabarani kila anapotafuta kiungo kimoja.

"Shikamoo mzee. Nitengenezee droo humo nyuma. Chini ndefu, mabomba yalale. Juu fupi fupi, za koki na viungo. Mie nivute tu."

"Na mama yako atakaa wapi?"

"Si atakaa mbele? Kwa muda tu, mzee."

Mbele hawezi, na nilijua. Mguu wake wa kulia haukunjiki tangu alipoanguka bafuni. Alikaa kiti cha nyuma kiubavu, ameunyoosha, na watoto walinunua gari lile kwa sababu ya mguu huo. Kila Ijumaa jioni nilimpeleka Bunju kwa dada yake. Katika watoto wa mama yao, yeye na dada yake ndio waliobaki. Lakini nilikuwa seremala mstaafu, mikono inaniwasha, na siku nyingi hakuna aliyeniomba kazi ngumu.

Nikaifanya. Fremu ya chuma nikaifunga kwenye matundu yale yale ya bolti za viti. Droo nikazitengeneza kwa plaiwudi nene, nyuso zake mbao ya mninga. Chini nikaweka beringi, ukivuta kwa kidole inakuja. Pembeni, pale bodi inapopanda juu ya tairi, nilikata ubao ukafuata mviringo mpaka wembe usipite, nikaugandisha kwa gundi. Juu nikatandika zulia. Mafundi walikuja kutazama. Nilikuwa navuta na kurudisha hata kama hakuna mtu.

Viti nikaviweka barazani. Mke wangu akakaa kwenye kile kirefu, akanyoosha mguu, akavuta ule mkanda wa kiunoni, akaubana. Ka!

"Dereva, twende basi. Abiria nimeshafunga mkanda."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Ijumaa nyingine zikaja, naye akaendelea kukaa pale na kufunga mkanda, ila hakuniita tena dereva.

Kisha dada yake akaugua. Akapiga simu, sauti yake tukaisikia sote wawili: "Mdogo wangu, kukusikia nimechoka. Nataka nikuone."

"Umesikia, mzee," mke wangu akaniambia. "Nirudishie kiti changu."

"Tukodi gari."

"Teksi? Umesahau ule mlango ulivyoniliza siku ya kliniki? Ninalo gari langu. Kiti changu hicho, nimekikalia."

"Jumapili nitafungua."

"Jumapili ni mbali."

Nilichukua msumeno nikaenda kwenye gari. Bolti zingetoka upesi, ila zile mbao za pembeni nilizozigandisha zilikuwa hazitoki bila kukatwa. Nikaweka meno ya msumeno juu ya mninga. Nikaitazama ile kona nilivyoipatia. Nikaurudisha msumeno stoo, nikajiambia nitafikiria njia nyingine ya kuzitoa nzima.

Dada yake alifariki Jumamosi alfajiri.

Ilibidi twende msibani hivyo hivyo. Mwanangu alitandika godoro juu ya droo, kwenye lile zulia, tukamwinua mama yake tukamwingiza kwa nyuma, miguu mbele, uso wake karibu na dari. Njia nzima hadi Bunju koki ziligongana chini ya mgongo wake. Kwenye kila tuta mwanangu alisema, "Pole, mama." Tulipofungua mlango wa nyuma pale msibani, mmoja wa wanawake waliokuwa uani akajifunika mdomo kwa kanga. Alidhani tumeleta maiti mwingine.

Usiku wa kurudi nilizikata zile mbao zote. Asubuhi viti vilikuwa vimerudi garini. Nikamwambia mke wangu, "Mama, kiti chako tayari."

"Kitoe," akasema. "Kirudishe barazani. Nimeshafika."

Hakupanda tena gari lile. Alikaa barazani kila jioni, akafunga mkanda, akatazama barabara inayoshuka kuelekea bondeni. Chakula alinipakulia, salamu aliitikia. Nikimuuliza neno jingine lolote alisema, "Sawa, mzee." Zamani alinitania, alinigombeza, alinieleza hata ndoto zake.

Sasa naye hayupo. Kiti bado kiko pale. Mwanangu alitaka kukitupa nikamkatalia. Jioni, nikiwa ndani peke yangu, nasikia mkanda ukibanwa. Ka! Natoka, sikuti mtu. Mkanda umelala wazi kama nilivyouacha. Nimeacha kumwambia mwanangu, maana ananitazama vibaya.

Watu huniambia ile ilikuwa bahati mbaya tu, nisijilaumu. Hawakuniona nikirudisha msumeno stoo. Niliona huruma kukata mbao niliyoitengeneza mwenyewe, na kwa ajili hiyo mke wangu hakumwona dada yake akiwa hai, na mimi sikusikia tena kutoka kwake neno la mke kwa mumewe, mpaka nilipomzika.