Kutamani Helikopta Ukubwani

Nimetamani kuendesha helikopta tangu nikiwa msichana. Leo naandika hivyo bila haya nyingi, lakini kwa miaka mingi ungeniuliza ningekana, na ningekana kwa ufasaha, maana nimesomea fasihi chuo kikuu. Nilikana mbele ya mume wangu, nikakana mbele ya wanafunzi wangu wa chuo pale Voi, na mbaya zaidi, nikakana gazetini. Niliwahi kuandika makala nzima ya kuwakejeli wanasiasa wanaoshuka na helikopta kwenye viwanja vya shule na kutuachia vumbi jekundu mdomoni. Watu waliisifu. Hakuna aliyejua kwamba siku ile nilisimama mbele kabisa ya umati, nimeshikilia kitambaa cha kichwa kisipeperuke, na sikusikia hata neno moja la mheshimiwa. Nilikuwa namtazama rubani aliyebaki ndani na hedifoni zake masikioni, anakula ndizi.

Tulipokuwa shuleni Bura na kuulizwa tunataka kuwa nani, majibu yaliyokubalika yalikuwa matatu: mwalimu, muuguzi, mtawa. Nilisema mwalimu, kwa sababu damu ilinitia kizunguzungu na sala ndefu zilinitia usingizi. Nikawa mwalimu kweli, wala sikuwa mbaya. Lakini kila mngurumo ulipopita juu ya darasa, sentensi yangu ilikatika katikati, na wanafunzi wakajifunza kunisubiri.

Mama yangu analima Ronge, upande wa chini, mahali ambapo shamba linaisha na pori linaanza. Mahindi yakikaribia kukomaa, ndovu hujua kabla yetu. Kila mtoto wa kule anafundishwa mapema: ndovu wakiingia, nawe ingia ndani, funga mlango, gonga sufuria ukiwa dirishani. Hilo hatubishani. Ila wakizidi, watu wa wanyamapori huleta helikopta kuwasukuma warudi porini, na hapo kijiji kizima hutoka nje kutazama, wazee kwa watoto, na chai mkononi. Ndovu wakija tunajifungia, helikopta ikija tunatoka, na vitu hivi viwili, kwa bahati mbaya, huja pamoja. Sijasikia mtu hata mmoja akiona kasoro katika mpango huo.

Likizo moja, miaka michache iliyopita, nilikuwa kwa mama asubuhi ndovu walipoingia. Mama alifunga mlango, akanipa sufuria na mwiko, akaniambia nigonge kama mtu aliyesoma. Niligonga. Kisha tukasikia mngurumo kutoka upande wa Mwatate, na nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na mama hayupo. Nilimkuta nje kwenye ua wa mkonge na majirani wote, mahali penye pengo. Pengo lile ndilo lililokuwa njia ya ndovu ya kutokea, lakini nani alikuwa na muda wa kufikiria hayo? Hata mimi nilijipenyeza mbele.

Helikopta iliwazunguka kwa nyuma, ikawasukuma taratibu kuja upande wetu. Walipofika karibu wakatuona, wakakataa, wakageuka. Ikazunguka tena. Safari hii rubani aliinamia dirishani akatupungia mkono, kwa nguvu, mara nyingi. Nasi tukampungia, kwa furaha. Akapunga zaidi. Tukashangilia.

Kisha ndovu jike mkubwa akaacha kuangalia juu, akatuangalia sisi. Alitandaza masikio. Kabla hajapiga hatua ya pili, helikopta ilishuka kati yetu na yeye, chini kiasi kwamba mahindi yalilala na leso ya mama ikapaa juu ya paa. Ikasimama pale hewani, ubavu kwake, kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Sisi tulikimbia kila mtu na lake. Tulipotawanyika, pengo likawa wazi, na yule jike akawaongoza wenzake wakapita, wakaingia porini.

Wengine walikuwa wanatetemeka kwa hofu. Mimi nilikuwa natetemeka kwa wivu.

Rubani alitua uwanja wa shule akaja kwa miguu kututukana, na alikuwa na haki.

"Nyinyi watu ni wa aina gani? Nawaambia ondokeni, mnanipungia?"

"Tulidhani watusalimia, mwanangu," mama alisema. "Karibu chai."

Hasira ikamwishia kwenye kikombe. Alikuwa mtu mwenye mvi, mpole akishatulia, na katika maongezi akasema kwamba alikuwa akifundisha hesabu mpaka alipokaribia hamsini, ndipo akaanza kujifunza kuruka. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba alihama nyumba. Kwa miaka yote ile kisingizio changu kilikuwa umri, na mtu huyu alininyang'anya kwa kikombe kimoja cha chai. Sijui kama nilimshukuru au nilimchukia.

Nilimwambia naandika makala, naomba kuona ndani. Tukarudi naye uwanjani, akaniketisha kiti cha kulia, ambacho kwenye helikopta ndicho cha rubani, injini ikiwa imezimwa. Nikashika usukani ulio kati ya magoti.

"Mama, usiukamue. Si ng'ombe. Ushike kwa vidole tu."

Nikalegeza. Kupitia kioo niliona milima yote ya Taita, na chini yake uwanda unaokwenda mpaka macho yanachoka.

"Ni makala, sivyo?" akauliza.

"Ni makala."

"Mbona unalia?"

"Ni vumbi."

Mama alikuwa amesimama pembeni na birika. "Huyu," akamwambia, "tangu utotoni ni vumbi tu."

Niliporudi Voi nilimwambia mume wangu. Yeye ni mtoto wa reli. Wazazi wake walitoka magharibi wakaja kufanya kazi stesheni, naye akastaafu huko huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoa miwani.

"Mwalimu, mimi nimezoea treni. Treni ikizima, inasimama. Hiyo yako ikizima?"

"Kuna namna ya kushuka bila injini. Yale mapanga ya juu yanaendelea kuzunguka kwa upepo."

"Kwa upepo."

"Kwa upepo, mzee."

Akavaa miwani tena. "Basi nenda. Lakini ukipita hapa juu usinipungie mkono. Naweza kuelewa vibaya."

Nikaanza kwenda Nairobi kujifunza kuruka, kila nilipopata nafasi. Mwalimu wangu alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Aliniita mama kwa heshima zote na kunigombeza kwa sauti ile ile. "Mama, macho mbele. Mama, polepole na miguu. Mama, pale tunapoelekea ni ukuta." Mimi niliyewahi kumrudishia mwanafunzi insha kwa sababu ya koma, nilikuwa siwezi kukaa hewani mahali pamoja. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Kwenda mbele kila mtu anaweza, ila kusimama bila kushika kitu, huku mikono na miguu yote inafanya kazi ndogo ndogo zisizoonekana, kulinishinda wiki kwa wiki. Siku moja, kwa muda mfupi kuliko kumeza mate, chombo kikatulia. Binti akainua mikono yake miwili juu kunionyesha kwamba hashiki kitu. Halafu tukayumba tena, akashika.

Nikirudi na treni nilikaa dirishani. Pori la Tsavo likipita nililitazama kwa jicho jingine, hapa pangefaa kutua, pale pana miiba. Nilikuwa na umri wa kutazama nje na kukumbuka, nami nilikuwa natazama nje na kutaka. Kutaka ukubwani kunachosha. Ukiwa kijana, jambo unalolitaka liko mbele na njia ni ndefu. Ukubwani liko hapo hapo karibu, nawe ndiwe unayesogea mbali.

Wala sikutaka mchezo wa Jumapili. Nilitaka kazi ile: kutumwa Ronge asubuhi, kusimama hewani kati ya ndovu na watu wasiojua maana ya mkono unaopungwa. Niliwajua watu hao. Nilijiona nafaa.

Kwa kazi hiyo unahitaji cheti cha afya cha daraja la juu, na daktari wa marubani alinipima kila kitu. Macho yakapita kwa miwani, masikio yakapita. Alipofika kwenye moyo akatazama ule mstari uliochorwa na mashine, akautazama tena, akaniuliza kama huwa nazimia. Nikasema huwa nachoka kwenye mikutano. Hakucheka. Akanituma Mombasa kwa vipimo vingine, akasema majibu yatajadiliwa na wenzake, halafu atanipigia mwenyewe.

Nilikwenda kungojea kwa mama, kwa sababu Voi kila mtu alikuwa ananiuliza. Mahindi yalikuwa yamevunwa, tukakaa uani tukipukuchua. Simu niliiweka juu ya jiwe mahali ambapo mtandao hushika, nami nikawa naitupia jicho kila baada ya gunzi.

"Wakikukataa utakuwa nani?" mama akauliza.

"Nitakuwa mwalimu, mama. Kama zamani."

"Ulikuwa mwalimu mzuri."

"Najua."

"Ila wewe hata kanisani ulikaa dirishani." Akatupa gunzi kwenye kapu. "Mimi nilikuwa naona. Nikasema, nitamwambia nini? Helikopta nitamtolea wapi?"

Nilimwangalia mikono yake, nikafikiri ni miaka mingapi tulikana pamoja, kila mmoja upande wake, akidhani anamficha mwenzake.

Simu ililia kabla ya chakula cha mchana. Nikasimama pale kwenye jiwe.

"Mwalimu, uko mahali unaweza kukaa?" daktari akauliza.

"Nimekaa," nikasema, nimesimama.

"Njia moja ya umeme wa moyo wako imeziba. Hujaugua, unaweza kuishi nayo mpaka uzeeni. Lakini cheti cha kazi, hapana. Nimekutetea kwa wenzangu kadiri nilivyoweza. Hata ukirudi mwakani jibu litakuwa hilo hilo."

"Naelewa."

"Kuna cheti cha chini, cha kuruka bila kulipwa. Hicho wamekubali, kwa sharti. Kila unaporuka, kiti cha pili kiwe na rubani mwingine mwenye leseni. Peke yako, hapana kamwe." Akangoja kidogo. "Wengi nikiwaambia hivyo huacha, na siwalaumu. Nikuandikie, ama tuache?"

Mama alikuwa ameacha kupukuchua. Alinitazama usoni kutafuta jibu, nami nikageukia upande wa pili, kule pori linakoanza.

"Huyo mwingine," nikauliza, "atashika yeye ama nitashika mimi?"

"Utashika wewe."

"Kutoka kuinuka mpaka kutua?"

"Kutoka kuinuka mpaka kutua. Yeye atakaa tu, labda upatwe na jambo."

Nilimeza mate.

"Niandikie, daktari."